Nanfu Wang, Kamera Moja na Nchi Mbili

Mwongozaji wa filamu za makala tunayemzungumzia leo ameifikia mara tatu orodha ya mchujo ya tuzo za Oscar, ile ya filamu 15 zinazobaki kabla ya kuteuliwa tano za mwisho. Mara ya kwanza ilikuwa kwa Hooligan Sparrow, ya pili kwa One Child Nation, ya tatu kwa In the Same Breath. Mara zote aliishia mlangoni. Anaitwa Nanfu Wang. Alizaliwa China mwaka 1985, akahamia Marekani mwaka 2011, na katika filamu zote tatu alishika mwenyewe kazi ya kuhariri, ama peke yake ama na mwenzake.

Hilo la kuhariri si jambo dogo. Filamu ya makala haina mchezo ulioandikwa mapema. Mwongozaji hurudi na picha za saa nyingi sana, nyingine nzito, nyingine za watu wakinywa chai tu. Mhariri ndiye anayejifungia chumbani miezi kadhaa akiamua nani aanze kusema, nani akatizwe, na ukimya upi uachwe kama ulivyo. Filamu ya Kenya iitwayo Softie, ya Sam Soko, ilipopata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la Sundance mwaka 2020, tuzo hiyo ilikuwa ya uhariri. Wengi wetu jina la mhariri hatulisomi. Linapopita tumeshainuka kwenye viti. Kwa Nanfu Wang, ukimruka mhariri hujamjua mwongozaji.

Alikulia kijiji cha wakulima mkoani Jiangxi, kusini mashariki mwa China. Baba yake alifariki akiwa na miaka 33, na binti alikuwa na miaka 12 tu. Nyumbani hakukuwa na fedha za kumsomesha, na nyuma yake alikuwepo mdogo wake wa kiume. Akapelekwa chuo cha ufundi badala ya sekondari, akatoka huko kuwa mwalimu wa shule ya msingi angali msichana. Kiingereza alijisomea kwa juhudi zake, hadi akapata ufadhili wa kusoma lugha na fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Shanghai. Kisha akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Ohio kusomea mambo ya habari, na kutoka hapo New York University, ambako alijifunza kutengeneza filamu za makala. Aliyekosa sekondari akawa na shahada tatu za uzamili.

Watu wengi wakifika Marekani na elimu ya namna hiyo hutafuta kazi ya ofisini, watume fedha nyumbani, wajenge. Yeye mwaka 2013, akiwa bado mwanafunzi, alichukua kamera na kurudi China. Nia yake ilikuwa kuzungumza na wanawake wanaouza miili yao, na mtu wa kumfungulia njia alikuwa Ye Haiyan, mwanaharakati aliyekuwa akiwatetea wanawake hao kwa vituko vilivyoitia serikali kiwewe. Lakini mwezi Mei mwaka huo ikatokea kashfa kisiwani Hainan. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi na mtumishi mmoja wa serikali waliwachukua wasichana sita wa shule hadi hotelini. Ye Haiyan na wenzake, akiwemo wakili Wang Yu, wakasafiri kwenda kuandamana mbele ya shule. Nanfu akaenda nao.

Alichokiona huko ndicho kilichomfanya kuwa mtengenezaji wa filamu. Watu wasiovaa sare waliwafuata kila waendako. Ye aliporudi nyumbani kwake Guangxi alivamiwa, akajitetea kwa kisu, na aliyewekwa ndani ni yeye, siku 13. Baadaye akafukuzwa mji hadi mji, yeye na binti yake, vyombo vyao vikimwagwa kando ya barabara. Vyombo hivyo hivyo, friji na masanduku, msanii Ai Weiwei alivigeuza kuwa sehemu ya maonyesho yake kwenye jumba la makumbusho la Brooklyn mwaka 2014. Naye Nanfu alihojiwa na usalama wa taifa, na ndugu zake kijijini wakapigiwa hodi.

Sasa fikirini kazi ya kuhariri picha za namna hiyo. Kuna mahali kamera imefichwa kwenye miwani. Kuna mahali inaonyesha ardhi na viatu vya watu, kwa sababu aliyeibeba anasukumwa. Kuna mahali ni giza tupu, na kinachosikika ni sauti za wanaume wakigombana naye. Mhariri wa kawaida angevitupa vipande hivyo kwa kuwa vimeharibika, kisha akamtafuta msimulizi wa kuziba pengo. Nanfu aliviacha. Aliona kwamba kamera iliyonyang'anywa ni ushahidi kuliko kamera iliyotulia, na kwamba mtazamaji akisikia giza lile atauelewa mfumo wa polisi kuliko akisomewa ripoti kurasa mia. Picha zenyewe zilitolewa nchini kwa kificho. Filamu hiyo, Hooligan Sparrow, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Sundance, Januari 2016, na ikatunukiwa tuzo ya Peabody. Kufikia wakati huo wakili Wang Yu alikuwa ameshakamatwa, katika msako wa mawakili wa haki za binadamu wa Julai 2015.

Na hapa pana jambo ambalo wanaomsifu Nanfu husahau kulisema. Katika filamu ile yeye mwenyewe yumo ndani. Anasimulia, anaogopa, anajificha. Wapo wanaoona mwongozaji akijiingiza kwenye filamu yake anajipendekeza, na mara nyingi wana haki. Katika Hooligan Sparrow haikuwa hivyo, kwani waliokuwa wakimfuata Ye walikuwa wakimfuata na yeye, na angejitoa angekuwa anadanganya.

Filamu ya pili, I Am Another You ya mwaka 2017, inazungumzia Marekani, na wengi huipita bila kuitazama. Ni bahati mbaya. Mhamiaji mpya anakutana huko Florida na kijana Mmarekani wa miaka 22 aliyeamua kulala nje kwa hiari yake, mchangamfu, mzuri wa sura, anayekula mabaki ya watu na kuliita hilo uhuru. Nanfu anavutiwa. Anatembea naye, analala naye mabarazani na bustanini, anapiga picha jua likichomoza. Nusu ya kwanza ya filamu imehaririwa kama ndoto ya mgeni aliyetoka nchi ya amri na kufika nchi ya kujiamulia. Kisha miaka inapita, anakwenda Utah kwa familia ya kijana, anamkuta baba ambaye ni askari wa upelelezi, na habari nyingine inafunguka: ya dawa za kulevya na ugonjwa wa akili, na sauti anazozisikia kijana ambazo kamera ya mgeni haikuzisikia. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, akaona uhuru mahali palipokuwa na maradhi, na akawa muungwana wa kutosha kuacha kosa la macho yake libaki kwenye filamu ili mtazamaji naye aanguke ndani yake kwanza.

Kisha ikaja One Child Nation, mwaka 2019, na hii ndiyo kazi yake kubwa.

Aliiongoza pamoja na Jialing Zhang, naye mzaliwa wa China, na akaihariri mwenyewe. Alikuwa ameshajifungua mtoto wa kiume huko Marekani, akarudi kijijini kwao na kichanga mkononi kuuliza kuhusu sera ya mtoto mmoja, iliyotawala China kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi ilipotangazwa kufutwa mwaka 2015. Msikilizaji asiichanganye na uzazi wa mpango tunaoshauriwa kliniki, ambako mama huelezwa njia zote na kuchagua. Ile ilikuwa amri. Aliyekaidi alitozwa faini, aliweza kubomolewa nyumba, na wanawake walibebwa kwa nguvu kupelekwa kufungwa kizazi au kutolewa mimba iliyokwisha kukomaa. Vijijini familia nyingi ziliruhusiwa mtoto wa pili ikiwa wa kwanza ni wa kike, tena baada ya miaka kadhaa, na ndivyo alivyopatikana mdogo wake Nanfu. Wazazi walikuwa wamemtarajia mvulana tangu mara ya kwanza, hata jina wakalitayarisha kwa kutaraji hivyo. Alipozaliwa wa kike, jina likabaki lile lile.

Anaanza na walio karibu. Mama yake anaitetea sera hadi leo: bila hiyo, asema, nchi ingeangamia kwa njaa. Mjomba wake anasimulia jinsi binti yake mchanga alivyoachwa sokoni, kwenye meza ya kuuzia nyama, na fedha kidogo pembeni, akitumaini mpita njia atamhurumia. Siku mbili hakuna aliyemchukua. Mtoto akafa hapo hapo. Shangazi yake naye alimtoa binti yake kwa watu wa kati waliokuwa wakikusanya watoto.

Kutoka kwa ndugu anakwenda kwa watendaji. Mkunga wa kijiji, ajuza wa miaka 84, hakumbuki amewazalisha wanawake wangapi, lakini anajua aliowafunga kizazi na kuwatoa mimba: kati ya 50,000 na 60,000. Uzeeni ameshika kazi ya kuwatibu wasiopata watoto, akiamini kila mtoto anayezaliwa kwa mkono wake anampunguzia deni. Ofisa mwingine, mwanamke vilevile, aliyepewa tuzo na serikali kwa kazi ile ile, hajuti chochote; akitakiwa arudie, atarudia. Wahariri wengi wangewaweka hawa wawili uso kwa uso, huyu mwema, yule mbaya, na muziki wa kutuambia tumpende nani. Nanfu hakufanya hivyo. Amewaacha wote wazungumze kwa utulivu, bila kuharakishwa, na mtazamaji anajikuta hajui amwekee nani kinyongo.

Lakini kazi ya mhariri inaonekana zaidi katika kitu kimoja kidogo. Mjomba anasema hakuwa na la kufanya. Shangazi anasema hakuwa na la kufanya. Mwenyekiti wa zamani wa kijiji, mkunga, mfanya biashara ya watoto, kila mmoja kwa sauti yake, nyumbani kwake, hakuwa na la kufanya. Wamehojiwa mahali tofauti na siku tofauti, hawajuani wote. Meza ya kuhariri ndiyo iliyowakutanisha. Mara ya kwanza unamwonea huruma anayesema. Mara ya nne unaanza kuhisi baridi, maana umeelewa kwamba maneno hayo yamefundishwa nchi nzima, kwa nyimbo, ngonjera, mabango, michezo ya jukwaani, hata picha za kwenye viberiti na karata. Hakuna mtaalamu wa chuo kikuu aliyeitwa kulieleza hilo. Halikuhitaji kuelezwa.

Nusu ya pili inafuata njia ya watoto waliookotwa au kunyang'anywa. Tangu China ilipofungua milango ya watoto kuasiliwa na wageni, nyumba za watoto yatima zilikuwa zikipokea fedha za kigeni kwa kila mtoto aliyeondoka, na wapo waliokusanya vichanga wakawapeleka huko kwa malipo. Huko Utah, Brian Stuy na mkewe Longlan, wazazi walioasili mabinti kutoka China, walitumia miaka kupekua kumbukumbu na kugundua kwamba nyaraka nyingi za asili ya watoto zilitungwa. Filamu inamfikia hata binti mmoja kijijini ambaye pacha wake alilelewa Marekani.

Majaji wa Sundance waliipa filamu hiyo tuzo kuu ya filamu za makala za Marekani mwaka 2019. Wamarekani wengi waliipokea kwa furaha ya kuona uovu wa wengine, na hapo ndipo Nanfu alipowatia mchanga kwenye kitumbua. Kuelekea mwisho anasema kuwa ametoka nchi ambayo serikali iliwalazimisha wanawake kutoa mimba na kuhamia nchi ambayo majimbo yanawazuia kutoa, na kwamba kwake yeye pande zote mbili zinamnyang'anya mwanamke mamlaka juu ya mwili wake. Kuna wasikilizaji ambao kwa imani zao hawatakubaliana naye, na si lazima wakubaliane. La kutazama ni ujasiri wa mgeni aliyekaribishwa, akalishwa, akapewa tuzo, na bado hakulipa kwa kusema kila kitu cha wenyeji ni kizuri.

Ujasiri huo ulijaribiwa mwaka uliofuata. Januari 2020 Nanfu alikuwa kwa mama yake mkoani Jiangxi kwa ajili ya mwaka mpya wa Kichina. Alirudi Marekani kikazi akimwacha mtoto wake mdogo kwa bibi. Tarehe 23 Januari jiji la Wuhan likafungwa kwa sababu ya korona, na mtoto yuko mkoa wa jirani. Mume wake alipanda ndege kwenda kumchukua. Yeye akaanza kukusanya wapiga picha waliokuwa ndani ya Wuhan, akiwaelekeza kutoka maelfu ya kilomita, waingie hospitali na kurekodi. Ndivyo ilivyopatikana In the Same Breath, iliyofungua Sundance mwaka 2021 na kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha HBO mwaka huo huo.

Ndani yake kuna kipande cha kuhariri ambacho kingefaa kufundishwa vyuoni kwetu. Tarehe 1 Januari 2020 vituo vya televisheni vya China vilitangaza kuwa watu wanane wameadhibiwa kwa kueneza uvumi kuhusu ugonjwa mpya. Nanfu ameviunganisha vituo hivyo kimoja baada ya kingine: mtangazaji huyu, mtangazaji yule, suti tofauti, studio tofauti, sentensi ile ile. Ni dakika chache tu, lakini baada yake hutaisikiliza tena taarifa ya habari kama ulivyokuwa ukiisikiliza, ikiwemo ya redio. Kisha anageukia Marekani na kuonyesha viongozi wakiwatuliza wananchi kwamba hakuna cha kuogopa, na wauguzi waliokatazwa kusema yanayotokea wodini. Mimi naona sehemu hii ya Marekani ina haraka. Ushahidi wa Wuhan umechimbwa, huu umeokotwa. Hata hivyo swali lake ni halali, kwamba nchi mbili zinazotukanana zilifanya jambo linalofanana.

Katikati ya hayo, mwaka 2020, alipewa ufadhili wa MacArthur, dola 625,000 zinazotolewa kwa miaka mitano bila masharti ya namna ya kuzitumia. Kwa mtengenezaji wa filamu za makala, ambaye nusu ya maisha yake ni kuandika barua za kuomba fedha, hiyo ni neema kubwa.

Mwaka 2022 alitoa Mind Over Murder, mfululizo wa sehemu sita wa HBO. Haina China kabisa. Inahusu mji mdogo wa Beatrice, jimboni Nebraska, ambako bibi mmoja aliuawa mwaka 1985 na watu sita wakafungwa, kadhaa wao wakiwa wamekiri. Mwaka 2008 vipimo vya vinasaba vilionyesha muuaji alikuwa mtu mwingine. La ajabu ni kwamba baadhi ya wale waliokiri walikuwa wameshajiaminisha kweli kwamba waliua. Nanfu alipiga kambi hapo wakati wakazi wa mji wakiigiza jukwaani maneno ya kumbukumbu za mahakama, na kwa njia hiyo mji uliogawanyika ukajisikiliza. Ukiijua One Child Nation utaona ni swali lile lile: mtu anawezaje kupewa ukweli na mamlaka, akaumeza, akaufanya wake?

Filamu yake ya 2024, Night Is Not Eternal, inamfuata kwa miaka saba Rosa María Payá wa Cuba, binti wa mpinzani Oswaldo Payá aliyefariki kwenye ajali ya gari mwaka 2012. Mwaka 2023 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilihitimisha kuwa dola ya Cuba ilihusika na kifo hicho. Wanawake hawa wawili, mmoja wa China mmoja wa Cuba, wanaelewana kama ndugu, mpaka siku Rosa María anaposimama upande wa Donald Trump na Nanfu anashindwa kumeza. Ni filamu yenye kuvutia, ila ndiyo dhaifu kati ya zote. Sauti ya msimulizi imezidi, inaeleza yale ambayo picha zimekwisha kusema, na mwongozaji anayejiweka mbele ya kamera safari hii hana sababu aliyokuwa nayo mwaka 2013. Mhariri mwingine, asiye na urafiki na yeyote kati yao, angemsaidia.

Kwa hiyo kijana wa Dar, Mombasa au Bujumbura anayetaka kuingia kazi hii, au aliyekwisha kuhamia ugenini akidhani habari ya kwao imebaki nyuma, asianze na ile ya Cuba. Aanze na One Child Nation, aitazame mara ya kwanza kama mtazamaji, na mara ya pili ashike kalamu na aandike kila mahali picha inapokatwa na nani anafuata. Kisha arudi Hooligan Sparrow. Miwani yenye kamera hatahitaji, lakini atajifunza picha ipi si ya kutupwa.